Kutua Mzigo si Kuutupa

Miongoni mwa mambo ambayo walimu hatuyazungumzi waziwazi, ingawa yatusumbua wengi wetu, ni hali ya mwalimu ambaye papo hapo ni mwanafunzi. Tangu Jumatatu hadi Ijumaa husimama mbele ya ubao akiwafundisha watoto wa watu. Jumamosi na Jumapili huketi nyuma ya dawati akifundishwa yeye, pengine na mhadhiri ambaye kwa umri ni mdogo wake. Katika nchi yetu ya Uganda hali hii imekuwa ya kawaida, hasa tangu Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 ilipotaka kila mwalimu awe na shahada, akiwa wa shule ya msingi au wa sekondari. Sisi tulio na stashahada ya ualimu, tena tuliokwisha kuvuka umri wa miaka 40, hatuna budi kushika tena daftari na kalamu. Hatulalamiki kwa hilo. Mwalimu asiyependa kufundishwa ana shaka gani ya kuwachosha wanafunzi wake?

Twapenda kuwaeleza wenzetu swali moja lililotukabili katika safari hiyo. Mtu akiona kwamba masomo aliyojiandikishia chuoni yamezidi nguvu zake, je, aache moja, au ajikaze mpaka mwisho wa muhula? Kwa kulitaja ni swali dogo. Lakini tulipofikia kulijibu tuliona kwamba ndani yake mna ada iliyokwisha lipwa, heshima ya mtu mzima mbele ya vijana, cheo kinachongojewa, na zaidi ya hayo, haki ya watoto ambao hawakuulizwa lolote.

Yafaa kwanza tueleze jinsi mzigo ulivyopata kuwa mkubwa. Kwa miaka mingi walimu wa Kiswahili nchini mwetu tulikuwa wachache, na darasa letu lilikuwa la wachache. Kisha mambo yakabadilika. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliifanya lugha hii kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 uliiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha azimio la kukiimarisha Kiswahili katika shule za msingi na za sekondari. Sisi tulioomba kwa muda mrefu kwamba lugha hii ithaminiwe hatuwezi kugeuka tukanung'unika kwa kuwa imethaminiwa. Hata hivyo, mkulima aliyepata mvua aliyoiomba haondolewi kazi ya kupalilia. Wanafunzi waliongezeka upesi kuliko walimu, na leo twafundisha wanafunzi 260 wa vidato vitatu, katika shule moja iliyo upande wa Masaka.

Basi, katika muhula mmoja wa mwaka wetu wa pili wa masomo ya shahada, tulijiandikisha kusoma masomo sita: Fonolojia, Ushairi, Saikolojia ya Elimu, Maendeleo ya Mitaala, Mbinu za Kufundishia Lugha, na lile la Takwimu na Mbinu za Utafiti. Ndivyo ilivyopangwa ratiba, na ndivyo walivyofanya wenzetu wote. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, kwa idhini ya mkuu wa shule, tulipanda teksi kwenda Kampala. Mstari wa ikweta pale Kayabwe, mahali ambapo wageni hushuka ili wapigwe picha, sisi tuliupita tumeinamia karatasi za mhadhara, tukijaribu kusoma huku gari likirukaruka.

Katika juma la tatu la muhula tuliketi usiku mmoja tukaandika hesabu, kama afanyavyo mwenye duka. Juma lina saa 168. Haziongezeki kwa tajiri wala hazipungui kwa maskini. Shuleni tulikuwa na vipindi 24 vya dakika 40, yaani saa 16. Wanafunzi 260 wakiandika insha moja kila majuma mawili, na kila insha ikisomwa kwa dakika 8 tu, kazi hiyo hutaka zaidi ya saa 34, yaani saa 17 kwa kila juma. Matayarisho ya masomo tuliyapa saa 6; mikutano, zamu na michezo saa 6 nyingine. Jumla ya shule ikawa saa 45.

Upande wa chuo, kila somo lilikuwa na mihadhara ya saa 3 kwa juma, na masomo sita ni saa 18. Desturi ya vyuo vikuu vingi ni kumhimiza mwanafunzi asome peke yake saa mbili kwa kila saa moja ya mhadhara. Basi hapo pana saa 36 nyingine. Safari ya kwenda na kurudi, yapata kilomita 130 kila upande, pamoja na kungoja teksi ijae, tuliipa saa 7. Jumla ya chuo ikawa saa 61. Usingizi wa saa 7 kila siku ni saa 49 kwa juma. Kula, kuoga, bustani na watoto tuliwatengea saa 3 kwa siku, yaani saa 21. Tulipojumlisha yote tulipata saa 176. Tulikuwa tumezigawa saa 8 ambazo Mungu hakuziumba.

Tulimwonyesha mwenzetu wa nyumbani karatasi ile. Aliisoma polepole, kisha akauliza: "Baba watoto, hizi saa tatu zetu za Jumamosi na Jumapili, utatupa ukiwa wapi?" Tulicheka sote wawili, maana siku hizo mbili sisi huwa Kampala. Lakini baada ya kicheko hesabu ilibaki palepale, tena mbaya kuliko tulivyoiandika.

Twapenda msomaji aitazame sana habari hii ya saa 8. Mtu anayetumia saa asizokuwa nazo hukopa, na anayekopa hana budi kuwa na mdai. Mdai wa kwanza ni mwili wake. Mwili hukopesha usingizi kwa wepesi, lakini huja kudai kwa homa na kwa kusahau. Mdai wa pili ni jamaa yake, ambao huvumilia kwa kuwa wampenda. Mdai wa tatu ni mwanafunzi wake, na huyu ndiye aliyetufikirisha zaidi, kwa sababu deni lake halina kelele. Mkopo wa usingizi huonekana machoni. Mkopo wa jamaa husikika nyumbani. Bali insha isiyosomwa hulala kimya ndani ya daftari, na aliyeiandika hajui kwamba ameibiwa. Ndiyo maana mwalimu aliyelemewa huanza kukopa huko, hata bila kukusudia: insha ya majuma mawili huwa ya mwezi, na mwisho kalamu nyekundu hupita juu ya ukurasa bila macho kuufuata.

Siku zile zile msichana mmoja wa kidato cha tatu alitufuata baada ya kipindi, ameshika daftari lake kwa mikono miwili. "Mwalimu," akauliza, "alama hii ndiyo itakayoandikwa?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Katika mtaala mpya, ambao watahiniwa wake wa kwanza walifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024, alama 20 katika kila 100 hutokana na kazi ambayo mwanafunzi ameifanya shuleni na mwalimu wake akaipima na kuiweka katika kumbukumbu. Zamani mtahini alikuwa mtu wa mbali. Leo sehemu moja ya tano ya mtahini ni sisi wenyewe. Tulimjibu kwamba ndiyo, alama hiyo itaandikwa, na kwamba tumeisoma insha yake yote. Akashukuru, akaenda zake. Sisi tukabaki tukijiuliza kama tungeweza kumpa jibu hilohilo katika juma la kumi na mbili.

Tulitafuta shauri kwa wenzetu. Mmoja, rafiki yetu wa darasa moja chuoni, alituambia kwa ukali wa upendo: "Mwalimu, ukiacha moja leo, kesho utaacha mawili. Mlango ukishafunguliwa haufungiki. Jikaze." Neno lake halikuwa la kipuuzi. Twawajua watu walioacha somo moja, kisha muhula mmoja, kisha chuo chote. Naye mwenyewe alikuwa amebeba masomo yote sita wala hakuyumba. Lakini tulipomwuliza juu ya kazi yake shuleni, alikuwa na vipindi 9 tu, na darasa lake lilikuwa na wanafunzi wasiofika 60. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Twaitumia methali hiyo kumkanya mtu anayedharau taabu ya mwingine. Siku ile tuliona kwamba yafaa pia kumkanya mtu anayejipima kwa kibaba cha mwingine. Wako pia wenzetu walimu wa sanaa, ambao mishahara yao haikupandishwa mwaka 2022 ilipopandishwa ile ya walimu wa sayansi, wanaofundisha katika shule mbili ili wapate ada ya chuo. Hao hesabu yao ni nzito kuliko yetu. Hapana kipimo kimoja cha watu wote.

Wa pili tuliyemwendea alikuwa mama mmoja, mkuu wa idara ya lugha shuleni kwetu, mwenye miaka mingi ya kazi. Yeye hakutuambia tuache wala tusiache. Alisema tu, "Mwalimu aliyechoka hasahihishi, hutia alama tu. Wewe wajua tofauti yake." Tulirudi nyumbani na neno hilo.

Tulipokwisha kuamua kwamba somo moja litapunguzwa, lilizuka swali la pili: lipi? Hapo ndipo tulipojifunza kwamba moyo ni mshauri wa hatari. Moyo wetu ulijibu mara moja: Takwimu. Tangu utoto namba na sisi hatukupatana, na wastani na mchepuko ulikuwa ukitunyima raha kila Jumapili asubuhi. Lakini tulipousoma mwongozo wa chuo kwa utulivu tuliona kwamba somo hilo ni la lazima, na kwamba asiyelifaulu haruhusiwi kuanza tasnifu yake katika mwaka wa mwisho. Kuliacha kungekuwa ni kuziba mlango ambao baadaye tungetaka kuupitia. Fonolojia nayo ilikuwa ngazi ya masomo mengine. Saikolojia, Mitaala na Mbinu za Kufundishia yalikuwa ya lazima kwa kila mwalimu, na yalikuwa yamefungamana na mazoezi ya kufundisha.

Lililobaki ni Ushairi. Lilikuwa somo la hiari, halikutangulia lolote, na lilifundishwa kila mwaka. Nalo ndilo tulilolipenda kuliko yote. Kwa ajili ya mizani na vina tuliingia katika ualimu wa Kiswahili. Tulipokuwa vijana tulikariri tenzi kabla hatujazielewa. Kuacha usichokipenda ni rahisi, wala hakuhitaji makala. Sisi tulitakiwa kuacha tulichokipenda kwa sababu kilikuwa tayari kutungoja, na kushika tusichokipenda kwa sababu hakingetungoja. Usiku ule tulikaa muda mrefu mbele ya taa. Mwishowe tuliandika jina la Ushairi.

Hesabu ilijibu hivi. Saa 3 za mhadhara na saa 6 za kujisomea zikaondoka, jumla saa 9. Tukashuka kutoka 176 hadi 167. Ikabaki saa moja katika juma zima. Mtu aweza kucheka saa moja, lakini kati ya mwenye deni na mwenye akiba, hata akiba iwe senti moja, pana tofauti.

Hapa twaomba ruhusa ya kusema neno la kazi kwa wenzetu walio vyuoni, maana wengi hawalijui. Kuacha somo si kutohudhuria. Vyuo huweka siku maalumu mwanzoni mwa muhula, ambayo kabla yake mwanafunzi aweza kuliondoa somo katika orodha yake kwa maandishi, na baada yake hawezi. Anayeandika kwa wakati, jina lake huondolewa katika somo hilo, na hesabu ya alama zake haiguswi. Anayejinyamazia tu na kukosa kuonekana, jina lake hubaki, mtihani hufika, na mahali pa alama huandikwa kwamba hakuwapo au ameshindwa. Wa kwanza ameutua mzigo wake kando ya njia, akauwekea alama ili aurudie. Wa pili ameutupa porini. Basi kabla ya kuamua, msomaji na aulize mambo manne kwa msajili au kwa mshauri wake wa masomo: siku ya mwisho ni lini, somo hilo litafundishwa tena lini, ni masomo gani yanayolitegemea, na ada iliyolipwa itahesabiwaje. Katika chuo chetu ada ilikuwa ya muhula mzima, kwa hiyo hatukurudishiwa kitu, na tulijua hivyo kabla ya kutia sahihi. Tuliandika barua siku nne kabla ya mwisho, tukahifadhi nakala yenye muhuri.

Gharama ya uamuzi huo hatutaificha. Ratiba ya muhula uliofuata haikuwa na nafasi kwa ajili ya Ushairi, na somo lenyewe hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Kwa hiyo wenzetu tulioanza nao watavaa majoho kabla yetu. Sherehe ya kuhitimu hufanywa mara moja kwa mwaka. Wao watapita mbele, nasi tutakaa upande wa wageni tukiwapigia makofi. Kwa mtu wa umri wetu jambo hilo lina uchungu wake, na mshahara wa stashahada utaendelea kuwa wetu kwa muda zaidi. Mtoto wetu mkubwa aliuliza kwa nini wengine wamalize mapema. Tulimwambia kwamba hatukuanza safari ili tushindane na walio ndani ya gari.

Upande wa pili wa mizani pana haya. Masomo matano tuliyafanyia mtihani tukayafaulu yote, na hata Takwimu ilikubali kupatana nasi kidogo. Insha 260 zilisomwa kila majuma mawili hadi mwisho wa muhula. Na katika kuzisoma tulikuta jambo ambalo macho ya haraka yasingeliona: karibu nusu ya wanafunzi wa kidato cha kwanza walikuwa wakikosea upatanisho wa ngeli kwa njia moja ileile, kwa kufuata mpangilio wa lugha ya nyumbani. Kosa moja likisomwa mara mia huacha kuwa kosa la mtoto, huwa ni habari kwa mwalimu. Tulibadilisha vipindi vitatu kwa ajili hiyo. Somo la Mbinu za Kufundishia lilitupa istilahi ya kuitaja hali hiyo. Madaftari yalitupa hali yenyewe. Chuo na shule vikafundishana ndani yetu, jambo ambalo lisingewezekana kama kimoja kingekuwa kikikiibia kingine.

Rai yetu, basi, si kwamba kila aliyelemewa aache somo. Pengine la kupunguzwa ni kazi ya pili, au kamati ya tatu, au safari isiyo ya lazima. Na pengine mtu akipiga hesabu yake kwa uaminifu ataona kwamba saa zamtosha, ila ameogopa tu. Tunalosema ni kwamba swali ambalo wengi wetu hujiuliza, yaani "Je, nitaweza?", ni pungufu. Watu wazima, na hasa walimu, twaweza mengi mno; twaweza hata kusimama darasani tukiwa tumelala. Swali la kuongeza ni hili: katika mzigo huu, ni nani anayenisaidia kubeba bila ya kuombwa? Tukimwona huyo, na tukimwona mapema kabla ya siku ya mwisho ya msajili, uamuzi hautakuwa mgumu kama unavyodhaniwa.

Na shule zetu pia zina sehemu yao. Mwalimu anayesoma akipunguziwa zamu moja, au wenzake wawili wakigawana naye madaftari katika majuma ya mitihani ya chuo, huenda asihitaji kuacha kitu. Chama chetu kingeweza kulizungumza hili katika mikutano yake ya matawi, maana walimu wanaosoma wako katika kila shule.

Muhula huu tunasoma Ushairi. Tuko darasani pamoja na wanafunzi wa mwaka ulio nyuma yetu, na mhadhiri hutuita "mzee" kwa heshima. Wenzetu waliopita katika njia hii wakaamua vingine, twawaomba waandike katika kurasa hizi, ili wanaokuja nyuma wasipige hesabu yao gizani.